Jembe, Mbuzi na Imani: Mafunzo ya Roho Katika Kazi ya Shamba na Mifugo

Maneno yaliyosemwa Gasenyi, Bujumbura, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, na kuchapwa humu kwa ombi la Kamati

        

Kila mwaka inapofika tarehe 20 Juni tunasikia hotuba. Tunahesabiwa tupo wangapi, tunatajiwa kilichopatikana na kilichokosekana, tunapiga makofi, tunacheza ngoma, tunarudi nyumbani. Mwaka huu Kamati imetuomba sisi walimu tuseme jambo la namna nyingine. Tumeulizwa: katika kazi zenu za mikono, jembe na kamba ya mbuzi, mnaona nini cha kuilisha roho? Tulipolisikia swali hili baadhi yetu tulicheka, kwa sababu mtu aliyeinama tangu alfajiri anaona mgongo unamuuma, haoni malaika. Lakini tulipokaa tukalifikiri, tuliona kuwa swali hili ni letu kweli.

Chuo cha ualimu kilitufundisha kanuni moja ambayo hatujaisahau: mwalimu aanze na kile mwanafunzi anachokijua, ndipo amwongoze kwenye asichokijua. Sasa sisi tunajua nini? Waliotoka milima ya Itombwe na Minembwe wanamjua ng'ombe kuliko wanavyolijua daftari. Waliotoka bonde la Ruzizi, kule Sange, Luberizi na Kiliba, wanajua mpunga na muhogo. Waliotoka Fizi wanajua shamba na ziwa pamoja. Basi tutaanza hapo. Na Maandiko yenyewe yalianza hapo: mpanzi na mbegu zake, mchungaji na kondoo mmoja aliyepotea, mtini usiozaa ambao mtunzaji aliuombea mwaka mmoja zaidi, autilie samadi.

Somo la kwanza: kupanda usipojua utavuna lini

Ukisimama huku juu Gasenyi asubuhi ya baada ya mvua, unaona bonde la Imbo, unaona ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa unaiona milima ya Uvira imesimama wazi kabisa. Wapo kati yetu wanaonyoosha kidole na kusema, kule nyuma ya kilima kile ndiko shamba la baba lilipo. Hili ni jambo zito. Mkimbizi aliyeko mbali sana hutazama picha. Sisi tunatazama kwetu kila asubuhi na hatuwezi kwenda.

Kwa sababu hiyo wengi wetu tumeishi miaka mingi kama watu waliokaa kwenye kituo cha basi. Hatupandi mti, kwa maana tutaondoka. Hatutengenezi zizi, kwa maana tutaondoka. Wengine wanangoja kurudi, wengine wanangoja kuitwa Marekani au Kanada. Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2025. Januari ile serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kulikuwa na jamaa waliokwisha kupimwa afya na kuagana na majirani. Walikuwa wameuza mbuzi, wameuza sufuria, wametoa jembe bure. Wakarudi kuomba kuazimwa jembe lile lile. Na majuma machache baadaye makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Rusizi wakikimbia vita vya Kivu, wengine wakiwa na watoto mgongoni na nguo moja tu. Hivyo mwaka ule ule uliwazuia waliotaka kuondoka na kuwaleta waliotamani kubaki kwao.

Tufanye nini basi? Nabii Yeremia aliwaandikia barua Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Manabii wengine walikuwa wakiwaambia kwamba safari ya kurudi iko karibu sana, wasijishughulishe. Yeremia aliwaambia kinyume: wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, na wauombee amani mji ule waliohamishiwa. Ndugu zetu Waislamu wanalo fundisho la Mtume lisemalo kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda, na aupande. Barua ile na fundisho hili ni vya nyakati mbili na watu wawili, lakini mkulima akivisikia anaelewa ni jambo moja.

Kupanda si kusahau kwetu. Tulisema hivi darasani na mwanafunzi mmoja akauliza: mwalimu, nikipanda parachichi hapa, si ni kukubali kwamba sitarudi? Swali lake lilitunyamazisha. Baadaye tulimjibu kwa hesabu. Lengalenga unaanza kuchuma baada ya majuma matatu au manne. Maharagwe ni kama miezi mitatu. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe miezi tisa. Muhogo unataka mwaka, mara nyingine zaidi. Parachichi la kupanda kwa kokwa linaweza kuchukua miaka mitano na kuendelea. Mtu mwenye akili hapandi kimoja tu. Anapanda lengalenga kwa ajili ya juma lijalo, anapanda maharagwe kwa ajili ya msimu, na anapanda mti kwa ajili ya yeyote atakayekuwapo. Kama atakuwa yeye, vema. Kama atakuwa mtoto wa Mrundi aliyempokea, ni vema vile vile.

Tena ardhi hii si ngeni kwetu kabisa. Imewapokea wafu wetu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, karibu na mpaka, zaidi ya watu 150 waliuawa katika kambi ya muda, wengi wao wanawake na watoto. Kila mwaka tunakwenda kuwakumbuka. Ardhi tunayoilima leo na ile iliyowafunika ni nchi moja. Tunapoigusa, tuiguse kwa adabu.

Somo la pili: mbegu iliyohifadhiwa

Jambo la pili tunalitaja kwa upole, maana linagusa njaa. Posho ilipopunguzwa, familia nyingi zilipika maharagwe yaliyowekwa kwa mbegu. Hatumlaumu mama aliyefanya hivyo. Mtoto anayelia usiku hasikii habari ya msimu ujao. Ila tuseme kweli kwamba mvua ya Septemba ilipoanza, wengi tulisimama kwenye shamba lililolimwa vizuri tukiwa mikono mitupu.

Tulijifunza nini? Kwamba mbegu ya mtu mmoja hailindiki katika nyumba yenye njaa. Hailindiki kwa kukaripiana wala kwa mahubiri. Inalindika kwa kuwekwa pamoja. Baadhi ya akina mama walianza kwa kuchanga kila mmoja kilo moja ya maharagwe mazuri, yaliyokauka sawasawa, yasiyo na tundu. Waliyachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, wakayafunga katika dumu lisilopitisha hewa, kwa sababu fukusi hawapendi majivu. Dumu likawekwa kwa mmoja, na ufunguo wa chumba ukawekwa kwa mwingine. Hapo hakuna aliyeweza kuila mbegu peke yake usiku, na hakuna aliyebaki na lawama peke yake.

Imani pia huhifadhiwa hivyo. Wapo kati yetu ambao imani yao imekwisha, na wanaona aibu kusema. Waliomba miaka kumi na jibu hawakuliona. Sisi hatuna maneno ya kuwaeleza. Ila tunajua kwamba mtu asiyeweza kusali mwenyewe anaweza kuketi katikati ya wanaosali, na mbegu yake ikakaa ndani ya dumu la wenzake mpaka msimu ugeuke. Msimfukuze, wala msimhesabie.

Na tuangalie mharagwe wenyewe. Ukiung'oa taratibu ukiwa kijani, unaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, kinafanya kazi. Humo mnaishi vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na mizizi na majani yakirudishwa udongoni, sehemu ya nguvu ile hubakia shambani. Ndiyo maana wazee walipanda mahindi mahali palipotolewa maharagwe bila kusoma kitabu. Mharagwe ni mgeni mwema: anakula kwa mwenyeji, lakini akiondoka anaacha kitu. Sisi wageni wa Burundi tujiulize swali hilo. Tukiondoka kesho, udongo wa Gasenyi utakuwa umepata nini kwetu?

Somo la tatu: jirani wa bondeni

Gasenyi ni mahali pa mteremko. Yeyote anayelima hapa anajua kwamba udongo unataka kushuka. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha juu ya Bujumbura. Maji na tope vilishuka kutoka milimani kupitia makorongo na kuvunja nyumba katika mitaa ya kaskazini ya mji. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wakiwa wamelala.

Mvua ile ilikuwa kubwa kweli, na hatusemi kwamba ni mkulima fulani aliyeua. Lakini kilima kilichovuliwa nguo hakishiki maji. Anayelima kwa mistari inayoteremka, anayekata kichaka cha mwisho kwa ajili ya kuni, anayejaza mtaro kwa taka, yeye mvua ikinyesha anajifunika shuka. Anayezama ni mtu wa chini asiyemjua kwa sura wala kwa jina.

Kwa hiyo kulima kwa kukata mteremko, kuchimba mtaro wa kukinga maji na kupanda mstari wa matete, au mabingobingo kama wengine wanavyoita, ni kazi ya kilimo na pia ni namna ya kumpenda jirani. Dini zote zinatuambia tumpende jirani, na sisi hudhani jirani ni yule tunayeazimana naye chumvi. Mteremko unatufundisha kwamba jirani ni yule maji yetu yanakoelekea. Tuseme vivyo hivyo juu ya maneno. Neno la chuki linalosemwa juu ya kilima halibaki juu. Tunatoka katika nchi ambako maneno yalitangulia na moto ukafuata, na waliochomwa hawakuwa wale waliosema.

Matete yale yale yanarudi kwa faida. Yanashika udongo, na yanakatwa kuwa chakula cha mifugo.

Somo la nne: mbuzi aliyekula maharagwe

Sasa tusimulie kisa kilichotupata wenyewe, na hatutataja jina la mtu.

Mama mmoja wa kwetu alipata mbuzi jike kwa fedha za kikundi cha kuwekeana akiba. Siku moja kamba ilikatika. Mbuzi aliingia shamba la mzee mwenyeji, akala maharagwe yaliyokuwa yanaanza kutoa maua. Mzee akamkamata, akamfunga kwake, akasema hamtoi. Habari ilifika kwetu jioni, tena ilifika imekua: kwamba Mrundi amemnyang'anya mjane mali yake. Vijana wakainuka. Wengine walisema twende tukamchukue usiku kwa nguvu. Na sisi tuliokuwa tunasikilizwa, tukiri hapa mbele yenu, tulikasirika pamoja nao kabla ya kuuliza. Tuliandika hata barua ya malalamiko.

Bibi mmoja mzee ndiye aliyetuokoa. Aliuliza: mmeliona shamba? Hakuna aliyekuwa ameliona. Akasema basi barua hiyo ikae mpaka kesho.

Asubuhi tulikwenda kuliona. Mistari mitatu ilikuwa imebaki vijiti. Yule mzee alikuwa amepanda kwa mbegu ya kukopa. Alikuwa na wajukuu wanne ndani. Tulisimama pale na aibu yetu. Mwenye mbuzi aliinama akashika majani yaliyobaki, akasema kwa Kirundi chake kidogo kwamba anaomba radhi. Alisema hivyo kabla ya kueleza habari ya kamba. Tuliona uso wa mzee ukilegea kwa neno lile moja.

Malipo je? Fedha hazikuwapo. Ndipo mzee mmoja wa Kiislamu aliyefuatana nasi akakumbusha kisa kilichotajwa katika Sura ya Al-Anbiyaa, cha Nabii Daud na mwanawe Suleiman, walioletewa kesi ya kondoo walioingia shamba la watu usiku. Alieleza kama wafasiri wanavyoeleza: Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike na maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Mkatekista akaongeza kwamba Sheria ya Musa nayo, katika kitabu cha Kutoka, inamtaka mtu ambaye mnyama wake amelisha shamba la mwingine alipe kwa kilicho bora cha shamba lake mwenyewe. Basi wazee wakapatana hivi: mbuzi arudi kwa mama, samadi yote ya mbuzi msimu ule iende shamba la mzee, na watu wa kikundi wapalilie naye mara mbili, na wamrudishie mbegu kutoka katika dumu lao.

Hayakuisha kwa furaha tupu. Kijana mmoja mpaka leo anasema tulijidhalilisha. Tumemwacha na neno lake, labda umri utamfundisha. Lakini mzee yule sasa humletea mama maganda ya ndizi kwa ajili ya mbuzi, na siku watoto wetu walipotukanwa njiani, yeye ndiye aliyetoka kuwakemea waliotukana. Yale mahubiri yote ya upatanisho tuliyowahi kuyasikia tuliyaelewa katika mistari mitatu ya maharagwe. Kwanza nenda ukalione shamba. Omba radhi kabla ya kujieleza. Lipa kwa ulicho nacho.

Somo la tano: panga lenyewe

Migomba ya eneo letu lote la Maziwa Makuu imepigwa na ugonjwa wa mnyauko. Ulionekana Uganda mwaka 2001, ukaingia Kivu, na mwaka 2010 ukathibitishwa hapa Burundi. Mnaujua: majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani zimeoza, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Mkulima akiona hivyo hutafuta adui. Humlaumu jirani, hulaumu mvua, wengine hutafuta mchawi.

Kumbe mara nyingi mbebaji ni panga lake mwenyewe. Wadudu nao huubeba kutoka kwenye ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine. Lakini mtu anayekata shina gonjwa, kisha kwa panga lile lile akapogoa shina zima, ameupanda ugonjwa kwa mkono wake, tena akiwa katika kazi nzuri ya kusafisha shamba. Dawa tunazofundishwa ni nyepesi: ondoa ua dume mapema kwa mti wenye pacha, usilikate kwa chuma, lipitishe panga motoni au lioshe kwa maji ya javeli kila unapotoka shina moja kwenda jingine, shina gonjwa liondolewe, na vifaa vioshwe tena.

Hapa walimu, wachungaji, masheikh na wajumbe wa Kamati tujiangalie. Sisi ndio wenye mapanga. Sisi ndio tunaoingia nyumba hii na ile kutengeneza mambo. Tunasikia siri kwa huyu tunaipeleka kwa yule. Tunatoka kwenye ugomvi wa ndoa moja tukiwa na hasira, tunaingia kuhukumu ndoa nyingine. Tunabeba habari za kabila kutoka mkutano mpaka mkutano tukidhani tunaelimisha. Kabla ya kuingia shamba la mtu, na tupitishe panga motoni. Kwa mwenye kusali, moto huo ni sala. Kwa wote, ni kunyamaza usiku mmoja kabla ya kusema.

Somo la sita: zizi, samadi na mtamba

Hili ni la wafugaji, na baadhi ya wazee wetu wataguna. Mfugaji wa Itombwe alimfuata ng'ombe. Ng'ombe alitangulia, mtu akafuata na fimbo na jina la kila mnyama kinywani. Hapa Burundi sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kushika nguvu Oktoba 2021, inataka mifugo ifungwe zizini na iletewe majani. Nchi ni ndogo, watu ni wengi, hakuna kilima kisicho na mwenyewe. Mzee mmoja alituambia: walinichukulia ng'ombe kwa bunduki kule, na hapa nimebakiziwa mmoja aliye kifungoni.

Tunaheshimu uchungu wake. Lakini tazameni kazi yenyewe. Ng'ombe wa kilo 300 anataka kama kilo 30 za majani mabichi kwa siku, na maji juu yake. Zamani ng'ombe alikwenda kutafuta. Sasa mtu anatafuta, anabeba kichwani, anakatakata, anarudi tena. Huyo mzee ambaye zamani alikuwa bwana wa ng'ombe hamsini sasa ni mtumishi wa ng'ombe mmoja. Naye mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kumjua mnyama kwa karibu namna hii: anajua akikohoa, anajua asipocheua. Wapo tuliopoteza darasa la watoto themanini na sasa tunafundisha watano chini ya turubai. Wapo wachungaji waliopoteza kanisa zima. Tumnyenyekee yule mmoja aliye mbele yetu.

Zizi pia linatupa samadi. Mbolea ya lundo tunaitengeneza kwa matabaka ya majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, tunainyunyizia maji na kuifunika. Tunachomeka kijiti katikati. Baada ya siku chache ukikichomoa kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji na ugeuze. Baada ya miezi mitatu hivi, uchafu ule umekuwa mweusi, mwepesi, unanuka kama msitu baada ya mvua. Tunajua wako kati yetu waliofanyiwa mambo ambayo hawawezi kuyataja hadharani. Hatusemi Mungu aliyataka, hakuyataka. Tunasema tu kwamba uchafu ukiachwa wazi juani hunuka na kuzaa nzi, na ukizikwa bila hewa huoza vibaya. Unataka kufunikwa kwa upendo, kupewa muda, na kugeuzwa na mikono ya mtu mwingine. Wapo hapa wahudumu wanaojua kusikiliza. Nendeni kwao.

Na mwisho wa somo hili ni mtamba. Hapa Burundi miradi ya mifugo imefuata mnyororo wa mshikamano: aliyepewa ng'ombe au mbuzi hutoa mzao wa kwanza kwa mwingine. Wazo kama hili lina historia. Mmarekani Dan West alikuwa akigawa maziwa kwa watu wenye njaa wakati wa vita vya Hispania, miaka ya 1930, akaona kwamba kikombe kinaisha na mtu anarudi na kikombe kitupu. Akafikiri: apewe ng'ombe, si kikombe, na yeye akitoa ndama kwa mwenzake naye awe mtoaji. Mwaka 1944 mitamba ya kwanza ilisafirishwa kwenda Puerto Rico. Tanzania watu wanajua maneno kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Nasi babu zetu walipeana ng'ombe kwa ajili ya undugu kabla ya mradi wowote.

Siri yake ni hii: siku ya kupokea mtu hufurahi, lakini siku ya kutoa ndiyo anasimama wima. Tumemwona mama wa mbuzi tuliyemsimulia akimkabidhi mtoto wa mbuzi kwa mama aliyevuka Rusizi mwaka 2025. Alivaa kitenge chake kizuri. Hakusema kitu kirefu. Alisema tu: mfunge kwa kamba imara. Watu walicheka mpaka wakalia.

Maneno ya kumalizia

Tunawaomba wahubiri jambo moja. Mafunzo haya yasitumiwe kumwambia mwenye njaa kwamba njaa yake ni shule. Somo halijazi sufuria. Mtu asiye na shamba hawezi kuambiwa ajifunze kwa mbegu. Na mbuzi akiugua aitiwe mganga wa mifugo, asifanyiwe maombi peke yake. Maombi na chanjo havigombani.

Na kwenu ndugu wa mashirika, tunashukuru, tena tunashukuru kwa moyo. Tunawaomba mambo mawili tu yanayotokana na haya tuliyosema. Mbegu zije kabla ya mvua. Mbegu inayofika Novemba kwa ajili ya mvua ya Septemba ni chakula, itapikwa, na msishangae. Tena mtusaidie kupata vipande vya ardhi vya kukodi kwa mapatano ya zaidi ya msimu mmoja, pamoja na majirani wetu wenyeji na kwa faida yao pia. Hakuna mtu anayetia samadi katika shamba atakalonyang'anywa Januari.

Kwenu wanafunzi wetu: msiione aibu mikono yenye udongo. Someni, na jioni mkamwagilie lengalenga.

Kesho asubuhi, kama mvua itanyesha usiku, milima ya Uvira itaonekana. Tutaitazama kama kila siku, kisha tutainama tuendelee kupalilia. Yule mwanafunzi aliyeuliza habari ya parachichi amekwisha kulipanda, nyuma ya darasa, karibu na mtaro. Limetoa majani sita. Tunawaomba watoto wasilikanyage, na wenye mbuzi wafunge kamba.

Mungu aibariki Burundi iliyotupokea. Mungu airudishie amani nchi yetu ya Kongo.